Spea ipo rafuni, tovuti inasema haipo: uchambuzi wa kisa cha duka la vipuri vya pikipiki Kampala

Duka ni la jumla, katikati ya Kampala, na linauza spea za pikipiki: za Bajaj Boxer kwa wingi, za TVS zikifuatia, na za aina nyingine chache. Wateja wake wakubwa ni wenye maduka madogo na mafundi wa mbali, yaani Arua, Koboko, Hoima na Busia, pamoja na wanaovuka mpaka kutoka Ariwara na Bunia upande wa Kongo. Wengi wao huongea na kaunta kwa Kiswahili. Ndiyo maana mwenye duka, alipotengenezewa programu ya wavuti ya kuagizia mizigo, aliomba iwe ya Kiingereza na Kiswahili. Mfasiri wa Luganda angempata mtaa wa pili tu, lakini fundi wa Arua Luganda haisomi.

Tatizo lilikuwa hivi. Mteja anafungua tovuti, anazungukazunguka, anatoka, kisha anaandika kwenye WhatsApp ya duka: "Boss, mna shokapu ya Boxer?" Shokapu zipo rafuni, na kwenye tovuti zipo pia, na picha na bei. Binti wa kaunta anafungua tovuti hiyohiyo, anaitafuta bidhaa, ananakili kiungo chake na kumtumia mteja. Duka lililipia programu, na bado linamlipa mtu awe injini ya kutafutia ya programu hiyo.

Maelezo yalikuwa mawili. Mwenye duka aliamini wateja ni wavivu wa kusoma. Waundaji waliamini sura ya tovuti imezeeka, wakaleta makadirio ya kuusuka upya ukurasa wa mbele na kuweka juu yake picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe. Niliitwa kutathmini kabla fedha hazijatoka. Swali nililojiwekea lilikuwa jembamba: mtu anayejua spea anayoitaka anaifikia vipi, kwa menyu au kwa kisanduku cha kutafutia, na anapotelea wapi?

Kumbukumbu za utafutaji

Kabla ya kumwita mtu yeyote niliomba kumbukumbu za utafutaji. Programu ilikuwa inahifadhi kila maneno yaliyoandikwa kisandukuni pamoja na idadi ya matokeo yaliyorudi, na hakuna aliyewahi kuzifungua. Kwa maoni yangu tathmini ya namna hii ianzie hapo kila inapowezekana. Ni ushahidi wa bure, na aliyeandika hakuwa na mtu wa kumpendeza wakati anaandika.

Niliyatenga maneno yaliyorudisha sifuri, nikayapanga katika mafungu. La kwanza lilikuwa la majina. Orodha ya bidhaa kwa Kiswahili ilikuwa imetafsiriwa na mtu aliyekaa na kamusi. Shokapu iliitwa "kifyonza mshtuko". Spoketi ilikuwa "gurudumu la meno", sailensa "bomba la moshi", waya ya klachi "kebo ya klachi". Sarufi yake haina kasoro, ila gereji hakuna anayeongea hivyo. Wateja waliandika shokapu, shokabu, "shock" peke yake. Wa kutoka Kongo waliandika buji badala ya plagi, na moto badala ya pikipiki. Neno bajaji lilikuwa na kesi yake: aliyezoea Kiswahili cha Tanzania anamaanisha chombo cha magurudumu matatu, na aliyezoea cha Kampala anamaanisha Boxer.

Fungu la pili hakuna aliyelishuku. "Cheni ya boxer" ilileta sifuri. "Cheni boxer" ilileta ukurasa mzima. Programu ilidai kila neno lililoandikwa lionekane kwenye jina la bidhaa, isipokuwa maneno madogo yaliyoorodheshwa yapuuzwe. Orodha hiyo ilikuja na programu yenyewe, na ilikuwa ya Kiingereza. Ya, za, la, cha na kwa hakuna aliyekumbuka kuziingiza. Kwa hiyo mteja aliyeandika kwa ufasaha ndiye aliyeondoka mikono mitupu, na aliyeandika kama telegramu akapata mali.

Wingi nao ulikuwa na balaa la aina hiyohiyo. "Tairi" ilileta bidhaa, "matairi" haikuleta. Programu ilijua kukata mwisho wa maneno kwa kanuni zilezile alizozitoa Martin Porter mwaka 1980, ambazo zinakifaa Kiingereza kwa sababu umbo lake hubadilikia mkiani. Letu hubadilikia kichwani: kioo na vioo, tairi na matairi. Kisu kilikuwa kikali, ila kilielekezwa upande usio na nyama.

La tatu lilikuwa la tahajia. Limu kwa rimu, lingi kwa ringi, kabuleta kwa kabureta. Katika maandishi ya Luganda herufi r huja baada ya e na i tu, kwingine kote ni l, na mkono wa Muganda hufuata kanuni hiyo hata anapoandika Kiswahili. Wakongo nao huongeza u baada ya m: mupira, mukono. Mwaka 1964 Fred Damerau alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya kitendo kimoja, kama kukosea herufi, kuiruka, kuiongeza au kugeuza mbili zilizofuatana. Utafutaji mwingi wa kisasa unaovumilia makosa umejengwa juu ya wazo hilo, kwamba kidole kimeteleza. Niliyoyaona hapa kwa sehemu kubwa hayakuwa kuteleza. Yalikuwa mazoea yenye utaratibu, na chenye utaratibu hutibika kwa kanuni, hakihitaji kubahatishwa.

Spea mkononi

Kumbukumbu zinaonyesha mtu alipokwama. Hazionyeshi alifikiri nini, wala alifanya nini baadaye. Kwa hilo nilihitaji watu.

Kuna desturi ya kusema watu watano wanatosha kwa jaribio la namna hii. Inatoka kwa Jakob Nielsen na Thomas Landauer, walioonyesha mwaka 1993 kwamba ikiwa kila mshiriki ana uwezekano wa asilimia 31 wa kukutana na tatizo fulani, watano watafichua kama asilimia 85 ya matatizo. Hesabu ni nzuri, ila watu huchukua jibu wakaacha sharti. Tatizo linalompata mmoja kati ya kumi, watano wana nafasi ya kama asilimia 41 tu ya kulifichua. Tena watano hao wawe wa aina moja. Mwenye duka wa Kampala anayesoma Kiingereza vizuri, fundi wa Arua, na mnunuzi wa Bunia anayewaza nusu kwa Kifaransa ni aina tatu, hivyo nikafanya makundi matatu ya watano. Wakongo niliwapata Arua Park hapahapa Kampala, mtaa ambao wafanyabiashara wa West Nile, eneo la kaskazini-magharibi lenye Arua na Koboko, na wa nchi jirani huja kufungasha.

Kazi niliyowapa sikuiandika. Ukimwandikia mtu "tafuta kifyonza mshtuko" umeshampa jibu, atanakili tu. Nilibeba sinia la spea zilizokwisha kutoka gereji: spoketi yenye meno yaliyolika, plagi nyeusi, breki shuu iliyobaki chuma, shokapu inayovuja. Nikampa mtu kimoja mkononi nikamwambia, "Hii imekwisha, ni ya Boxer 150. Agiza mpya yake." Nikamwomba pia aseme kwa sauti anachokiwaza, na nikamhakikishia kwamba inayofanya mtihani ni tovuti, yeye hafanyi mtihani wowote. Mafundi hawakuhitaji kuhimizwa kusema.

Wa kwanza Arua alianza kwa kuhesabu meno ya spoketi, kisha akaandika jina pamoja na hesabu ya meno. Hesabu ilikuwepo kwenye tovuti, chini kabisa katika maelezo ya bidhaa. Kisanduku kilitafuta kwenye majina tu. Hiyo kumbukumbu zisingenieleza kamwe: kwake namba ni sehemu ya jina.

Mwingine, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali, aliandika "shokapu ya boxer", ukaja ukurasa mweupe wenye sentensi moja: "Samahani, hakuna kilichopatikana." Akanirudishia simu kwa adabu.

"Hawana."

"Mzee, na kama ungekuwa peke yako ungefanya nini sasa?"

"Nampigia yule binti. Pengine zimeingia jana, hawajaandika."

Kwake sentensi ile lilikuwa jibu la duka kuhusu bohari, wala hakuiona kama jibu la mashine kuhusu tahajia. Wengi walikuwa hivyo. Wachache mno walibadili maneno na kujaribu tena, na waliojaribu walikuwa wa Kampala. Marcia Bates aliandika mwaka 1989 kuhusu namna watu wanavyotafuta kwa kuokota hapa na pale, swali lao likibadilika kadiri wanavyokutana na vitu. Lakini ili swali libadilike lazima uokote kitu. Ukurasa mtupu hauna cha kuokota. Hili ndilo niliona zito kuliko mengine yote katika kisa hiki: kila sifuri ya uongo ni duka kukataa kuuza, na mteja hajui kwamba amekataliwa kimakosa, kwa hiyo hata halalamiki.

Nilisisitiza kila mtu atumie simu yake na bando lake, nami nikamrudishia gharama. Kutathmini tovuti kwa Wi-Fi ya ofisini hapa Uganda ni kujidanganya. Kuanzia Julai 2018 watu walilipa shilingi 200 kwa siku ili wafungue mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 kodi hiyo ikageuzwa kuwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mazoea yanayotokana na bei hizo yanaonekana kwenye vidole. Fundi mmoja wa Arua alikuwa anawasha data, ukurasa ukifunguka anaizima, anasoma kwa utulivu, anawasha tena anapotaka kwenda mbele. Alipogusa kichujio cha aina ya pikipiki wakati data imezimwa hakikutokea chochote, hata ujumbe. Akagusa tena. Akahitimisha kwamba kitufe ni cha pambo.

Menyu na njia ya kurudi

Menyu ilifichwa nyuma ya alama ya mistari mitatu kwenye kona. Alama hiyo ni ya zamani, Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka 1981, na wanaoshinda mtandaoni huichukulia kuwa inajieleza. Kwa washiriki wangu wengi ilikuwa mistari mitatu. Walioifungua walikuta ndani Injini, Usafirishaji wa Nguvu, Chasi, Umeme na Bodi, mpangilio wa kitabu cha kiwandani. Waliotafuta cheni waliingia Injini, kisha Chasi, kisha wakarudi kisandukuni. Usafirishaji wa Nguvu haukuguswa. Mmoja alidhani ni habari za kutuma mizigo kwa basi, na kusema kweli, alikuwa na haki.

Niliandika majina ya spea kwenye vikaratasi, kwa maneno ya gereji, nikawaomba wavipange kaunta wanavyoona vinakwenda pamoja. Karibu wote waligawa kwanza kwa pikipiki: hii ya Boxer 100, hii ya 150, hii ya TVS, hii inaingia kote. Ndani ya kila pikipiki wakatoa fungu ambalo kitabu cha kiwandani hakina, la vitu vinavyoisha haraka: breki shuu, plagi, cheni, tyubu, balbu. Kilichobaki ndicho kikagawanywa kwa injini na umeme na kadhalika. Kwa mwenye duka dogo mantiki iko wazi, vinavyoisha haraka ndivyo anavyoagiza kila wiki.

Hitilafu ya kitufe cha kurudi nitaieleza kwa ufupi, ingawa iliwaudhi watu kuliko zote. Mtu anachuja, anashuka hadi katikati ya orodha, anafungua bidhaa, siyo yenyewe, anabonyeza kurudi. Kichujio kimefutika, yuko juu ya orodha, na picha zote zinapakuliwa upya kwa bando lake. Chanzo ni kwamba vichujio havikuwa vinaandikwa kwenye anwani ya ukurasa. Kwa sababu hiyohiyo mtu hakuweza kumtumia mwenzake kwa WhatsApp orodha aliyokwisha kuichuja. Alimtumia anwani ikafunguka ukurasa wa kila kitu.

Nilitoa pia dodoso la SUS, lile la maswali kumi la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, ambalo alama yake ya wastani huhesabiwa kuwa 68 kati ya 100. Niliyapata majibu na nikayaacha nje ya ripoti. Mzee aliyeniambia "hawana" aliipa tovuti alama za juu karibu kila swali. Mgeni amekuja na sinia la spea, ameuliza kwa heshima, nani atamwambia kazi ya mwenye duka wake ni mbovu? Kiwango cha kimataifa cha urahisi wa matumizi, ISO 9241-11, kinapima kufanikiwa, juhudi iliyotumika na kuridhika, na hapa kuridhika kwa maneno kulikuwa kipimo dhaifu kabisa. Nilihesabu nani alifika kwenye bidhaa sahihi na nani hakufika.

Marekebisho, na mtego wa namba

Pendekezo langu la kwanza kwa mwenye duka lilikuwa asiguse ukurasa wa mbele. Hakufurahi. Kazi yote ya awamu ya kwanza ilikuwa ya chini chini, isiyopigwa picha. Kila bidhaa ilipewa nafasi ya majina mengine, na jina la gereji likawa ndilo linaloonekana. Viunganishi vya Kiswahili vikaingizwa kwenye orodha ya kupuuzwa. Wingi na umoja vikaandikwa vyote, kwa kuwa katalogi ya spea ina maneno machache na kuyaorodhesha ni haraka kuliko kutunga kanuni. Maelezo ya bidhaa yakaanza kutafutwa, pamoja na hesabu ya meno.

L na r zikahesabiwa kuwa herufi moja wakati wa kutafuta. Katika kamusi nzima ingekuwa hatari, kura na kula zingegongana, mahali na mahari pia. Katika katalogi hii tulipitia migongano yote na ilikuwa michache isiyo na madhara.

Kisha waundaji wakataka kuwasha uvumilivu wa makosa kwa kila kitu, na hapo nilisimama kidete. Kipimo kinachotumika ni umbali wa Levenshtein, uliochapishwa mwaka 1965: idadi ya herufi za kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Elasticsearch, programu ya kutafutia waliyokuwa wakiitumia, ikiachiwa ijiamulie yenyewe huruhusu badiliko moja kwa neno la herufi tatu hadi tano, na mawili kwa lililo refu zaidi. Sasa chukua BM100 na BM150, yaani Boxer 100 na Boxer 150. Tofauti ni tarakimu moja. Kwa mashine ni neno moja lililoandikwa vibaya. Kwa fundi ni pikipiki mbili zenye pistoni tofauti. Mtu wa Koboko ataagiza ya 150, ataletewa ya 100, mzigo utasafiri usiku kucha kupitia Karuma na Pakwach, na gharama ya kuurudisha itakuwa juu yake. Sifuri ya uongo inapoteza mauzo mara moja, lakini bidhaa ya uongo inampoteza mteja. Tukakubaliana kwamba chochote chenye tarakimu lazima kilingane sawasawa, na maneno mafupi kama taa vilevile. Uvumilivu ukabaki kwa maneno marefu ya herufi tupu.

Ukurasa wa sifuri uliandikwa upya. Sasa unasema "Hatukulielewa neno hili", unaonyesha vinavyoisha haraka vya pikipiki iliyotajwa kama ipo, na una kitufe cha WhatsApp kinachompelekea binti wa kaunta maneno yaleyale yaliyoandikwa. Ukiandika bajaji, unaulizwa magurudumu mangapi. Menyu ilitolewa mafichoni ikapangwa kwa pikipiki, na vichujio vikahamia kwenye anwani ya ukurasa.

Tulirudia jaribio kwa watu wengine na sinia lilelile. Arua walifika kwenye bidhaa, wengi kwa neno la kwanza. Wakongo walifika pia, ila kwa kusuasua, na waliomba Kifaransa, ombi ambalo sikuwa na hoja ya kulipinga. Mfasiri alitaka majina yake ya kamusi yafutwe kabisa kwa aibu. Nilishauri yabaki kati ya majina mengine. Baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na kijana atakayekuja na "gurudumu la meno" kutoka darasani naye ni mteja.

Kazi ya kusoma maneno yaliyoshindikana, kila Ijumaa, amepewa binti wa kaunta. Mwenye duka alitaka waundaji waifanye. Nilimuuliza ni nani kati yao anayejua kwamba mtu wa Ariwara akisema "mupira" huenda anataka tairi na huenda anataka tyubu. Binti anajua, na pale asipojua anapiga simu.

Kilichobaki bila dawa ni kichujio kinachonyamaza data ikizimwa. Ujumbe wa "huna mtandao" ni kazi ndogo na umeshawekwa. Fundi yule anahitaji zaidi ya hapo: orodha ya pikipiki yake ihifadhiwe kwenye simu ikishafunguka mara moja, achuje bila kuwasha data, bei tu ndiyo zisasishwe akiwasha. Waundaji wanasema inawezekana, na wanataka walipwe kando.